Azimio la Kutopandisha Sauti

Jumamosi ya kwanza ya Januari, jumuiya ya Mtakatifu Anna ilikutana nyumbani kwa mwenyekiti wao, Justa, huku Mkuyuni, Mwanza, saa moja asubuhi kabla watu hawajatawanyika kwenye shughuli zao. Walikuwa kumi na wanne, wengi wao akina mama, wamejaa kwenye mkeka na viti vya plastiki mpaka nje ya mlango. Baada ya Injili na maombi, Justa akasema mwaka huu hataki maazimio ya jumla. Kila mwaka watu wanasema nitasali zaidi, nitampenda jirani, na likifika Pasaka hakuna anayekumbuka alisema nini. Safari hii kila mmoja ataje jambo moja tu, dogo, linaloonekana, na wenzake wamsaidie kulishika.

Mmoja akasema ataacha kuchelewa Misa. Mzee Masalu akasema atakwenda Magu kumwona mdogo wake, ambaye hawajasemezana tangu walipogombea kiwanja cha baba yao. Ilipofika zamu ya Paskazia, aliikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake.

"Mwaka huu sitampandishia mama mkwe wangu sauti," alisema.

"Hata mara moja?" Justa akauliza.

"Hata mara moja."

Wakaitikia Amina. Wanawake wawili waliokaa karibu na mlango walitazamana, kisha wakainamisha macho. Nyumba za Mkuyuni zimepandana juu ya mawe ya mlima, bati la huyu linagusa ukuta wa yule, na sauti ya Paskazia walikuwa wakiisikia mara nyingi tu.

Paskazia alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa Kisesa kwa wakulima wa pamba, akaja mjini msichana wa miaka kumi na minane kujifunza ushonaji kwa masista, na hakurudi tena. Aliolewa na Owiti, Mjaluo wa Rorya, fundi wa mitambo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, watoto wawili walishakua na kuondoka, mmoja Dodoma na mwingine, Sharon, akisomea uuguzi Bukoba. Owiti alifanya kazi Geita kwenye machimbo. Zamani alikuwa akija nyumbani mara moja kwa mwezi, na sababu yake ilikuwa foleni ya kivuko pale Busisi, kwamba mtu anaweza kumaliza nusu ya mapumziko yake amesimama upande wa pili anatazama ng'ambo. Tangu daraja lifunguliwe sababu hiyo ilikwisha, lakini Owiti aliendelea kuja mara moja kwa mwezi. Paskazia hakumuuliza. Aliona jinsi anavyoingia ndani, anavyomsalimia mama yake, na anavyotoka haraka kwenda kukagua bomba au bati. Alijua kwamba mtu yule hakuwa anakimbia kazi za nyumbani.

Kwa hiyo waliobaki ndani ya nyumba ni wawili, Paskazia na mama mkwe wake, Akelo.

Akelo hakuwa mkwe mkorofi, na hilo ndilo lililomtesa Paskazia. Angekuwa amempata mkwe wa kumchungulia sufuria na kumhesabia vijiko, pengine angejisamehe. Lakini Akelo alikuwa mwanamke mpole, mrefu, mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyejifunza Kiswahili sokoni Musoma, na herufi z ilimshinda maisha yake yote. Alimwita Paskasia tangu siku ya kwanza. Mwaka wa pili wa ndoa, mimba ya kwanza ya Paskazia ilipoharibika ikiwa na miezi saba, Akelo alipanda basi kutoka Rorya bila kuitwa, akakaa miezi mitatu. Alimkanda kwa maji ya moto, alimpikia uji, alifua nguo zilizokuwa na damu na kuzianika ndani ili majirani wasizione. Hakumuuliza swali hata moja. Siku ya kuondoka tu ndipo alipomwambia, "Paskasia, mimi nimesika watatu. Najua." Kisha akachukua kikapu chake akaenda stendi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuugua ugonjwa wa kusahau. Miaka mitatu iliyopita majirani zake wa Rorya walimpigia Owiti simu kwamba mama anatwanga mtama usiokuwepo ndani ya kinu, na kwamba jiko lake limeunguza nusu ya paa. Owiti akamleta Mwanza. Daktari alisema ugonjwa huo hauponi, utakwenda mbele polepole, na jambo la muhimu ni kumtunza kwa upole na kutobishana naye. Paskazia aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na hakika hilo haliwezi kumshinda.

Mwanzoni halikumshinda. Akelo alisahau jina la Sharon, alisahau kama amekula, alirudia swali lilelile mara kumi, na Paskazia alijibu mara kumi. Baadaye ugonjwa ukaanza kukwangua Kiswahili chake. Kila wiki maneno machache yaliondoka, na mahali pake likaingia neno la Kijaluo. Kufikia Krismasi iliyopita, mama na mkwe wake waliishi nyumba moja bila lugha moja. Owiti hakuwahi kumfundisha mkewe Kijaluo, na Paskazia hakuwahi kukihitaji, maana wote walikuwa wakielewana vizuri. Sasa Akelo alisema jambo, Paskazia hakulijua, Akelo akalisema tena, na Paskazia akajikuta anajibu kwa sauti ya juu, kana kwamba yule mama ni kiziwi. Kupandisha sauti kulianza hivyo. Haikuwa hasira kwanza. Hasira ilifuata.

Januari ni mwezi wa sare za shule. Paskazia alishonea barazani ili aweze kumwona Akelo akiwa amekaa kwenye ngazi, na meza yake ilijaa marinda ya sketi, kola, na vipande vilivyokatwa vikisubiri kupigwa ovaloki pindoni. Siku ya tisa baada ya kutoa azimio lake, aliingia ndani kuepua maharage. Alipotoka, meza ilikuwa tupu. Akelo alikuwa amekusanya vipande vyote, sketi za watoto kumi na mmoja zilizokuwa zikingojewa Jumatatu, akavizamisha kwenye ndoo ya maji ya kudekia, na alikuwa anavikamua kimoja kimoja na kuvitandika kwenye mawe, kwa utaratibu mzuri kabisa, kama anayeanika samaki.

Paskazia aliita jina la Bikira Maria. Alikwenda nyuma ya nyumba akasimama, akashika ukuta, akahesabu pumzi. Akarudi. Akamshika Akelo mkono kwa upole, akasema, "Mama, acha. Njoo ukae." Akelo akautoa mkono wake, akainama kuchukua kipande kingine.

"Mama, nimekwambia mara ngapi usiguse kazi za watu? Mara ngapi?"

Sauti ilitoka yote. Kule chini redio ya jirani ilipunguzwa. Akelo aliketi polepole juu ya ngazi, akaweka mikono yake yenye maji mapajani, akaanza kuongea Kijaluo kwa sauti ndogo, ya adabu, sauti ya mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu asiowajua kwa bahati mbaya na sasa anaomba radhi. Alisema maneno mengi. Paskazia hakuelewa hata moja.

Jumamosi hiyo alikwenda kuungama. Padri Venant, mtu wa Karagwe, bado kijana kwa padri, alimsikiliza akamwambia azimio likivunjika halitupwi, linaanzwa upya, na akampa malipizi ya kusali fumbo moja la Rozari. Paskazia akaanza upya. Ilipofika katikati ya Februari alikuwa ameanza upya mara saba. Mara ya nne alijifungia chooni ili asisikike, akalia huko huku bomba likimwagika. Mara ya sita alikuwa hajamkasirikia hata kidogo, alikuwa amechoka tu, na ukali ukatoka wenyewe kama chafya. Hiyo ndiyo iliyomtisha. Alikuwa amedhani kazi ni kuzuia hasira. Sasa aliona kuna kitu kingine ndani yake kinachopiga kelele hata hasira ikiwa haipo.

Aliyemfungulia njia, kwa muda, ni Akinyi, muuza dagaa wa soko la Mkuyuni, Mjaluo kutoka huko huko Rorya, ambaye kwa sababu hiyo alimwita Paskazia wifi. Paskazia alimweleza akiwa amesimama mbele ya meza yake na mfuko mkononi.

"Sasa wifi," Akinyi akasema, "wewe unagombana na mtu ambaye hujui amesema nini?"

"Ndiyo shida yenyewe."

"Basi njoo nikufundishe. Kijaluo si kigumu, ni kutaka tu."

Kila jioni sokoni Paskazia alipewa maneno matano. Akifika nyumbani aliyaandika kwa chaki yake ya fundi ubavuni mwa meza ya cherehani. Maji ni pi. Chakula, chiemo. Njoo, bi. Kaa chini, bed piny. Usifanye, kik, halafu unaongeza kile asichotakiwa kufanya. Nyumbani ni dala, na Paskazia alipolijua hilo tu, akagundua kwamba lile neno Akelo alilokuwa akilirudia tangu Novemba, ambalo yeye alidhani ni malalamiko juu yake, lilikuwa ni kuomba kwenda nyumbani.

Akinyi alimfundisha pia kumjibu. "Usimwambie hapa ndipo nyumbani. Kwake si kweli. Mwambie mtakwenda kesho." Akamwandikia jinsi ya kusema.

Kwaresima ilipoanza, Paskazia alimkuta Akelo asubuhi amesimama mlangoni na furushi la nguo, akisema anataka kwenda dala. Akamjibu kwa Kijaluo chake kibovu kwamba watakwenda kesho. Akelo alimtazama kwa mshangao, akacheka kicheko cha zamani, kile cha sokoni Musoma, akamsahihisha neno alilolikosea. Kisha akarudi ndani na furushi lake, akaketi kunywa chai. Paskazia alichukua chaki, akaliandika neno lile ubavuni mwa meza.

Siku ya Ijumaa Akinyi alikuja nyumbani na karatasi yenye sala ya Baba Yetu kwa Kijaluo. Paskazia aliianza, Wuonwa manie polo, akisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Kabla hajamaliza mstari wa pili Akelo alikuwa ameichukua sala mdomoni mwake na kwenda nayo mpaka mwisho, bila kukosea, macho amefumba, akaunganisha na sala nyingine ambayo hata Akinyi alikuwa ameisahau. Toka siku ile Paskazia na Akelo walisali pamoja kila jioni saa kumi na mbili, kabla ya kuwasha taa. Kwaresima nzima Paskazia hakupandisha sauti. Siku arobaini. Kwenye jumuiya, Justa alipouliza habari ya maazimio, Paskazia alisema, na watu wakapiga makofi. Aliporudi nyumbani siku hiyo alipanda ngazi za mawe kwa wepesi ambao hakuwa nao miaka mingi. Alidhani Mungu amemjibu, na kwamba jibu lenyewe lilikuwa rahisi hivyo, chaki na maneno matano kwa siku.

Baada ya Pasaka Kijaluo nacho kikaanza kukwanguka.

Hakikutoka kwa mpango kama Kiswahili. Kilikatika katikati. Akelo aliomba maji akiwa ameshika kikombe cha maji. Alianza sala, akafika mahali, akarudi mwanzo, akafika palepale, akarudi tena, mpaka Paskazia mwenyewe akaogopa kusali naye. Akelo alizungumza na watu wasiokuwepo, akawakaribisha, akawasogezea kigoda. Paskazia aliposema bed piny, yule mama alimtazama kwa heshima na kutoelewa, kama alivyomtazama Kiswahili kilipokwisha. Meza ya cherehani ilikuwa imejaa maneno kutoka juu mpaka chini, na hakukuwa na hata moja la kumfikia.

Alimwendea Akinyi sokoni. "Nipe maneno mengine."

Akinyi alifunga mfuko wa mteja kwanza. "Wifi, maneno unayo ya kutosha. Mimi mwenyewe jana nilimsalimia, hakunijua."

"Sasa nifanyeje?"

Akinyi akamwongezea dagaa juu ya fungu lake.

Mwezi wa sita Akelo akaanza kutoka. Alikuwa na nguvu za miguu ambazo akili yake haikuwa nazo tena. Paskazia alifunga geti dogo kwa ukanda wa kitambaa cha sare, kwa fundo gumu, na kila alipolifunga fundo hilo aliona aibu kama mtu anayefunga mbuzi. Wanajumuiya walisikia, wakaja. Justa alipanga zamu ili Paskazia apate kwenda sokoni na kanisani. Wiki mbili walikuja bila kukosa. Wiki ya tatu mmoja aliuguliwa na mtoto, mwingine akapata msiba Kwimba, na zamu ikafifia. Hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na mizigo yake, na Paskazia aliwaelewa kiasi kwamba hakupata hata mtu wa kumlaumu.

Siku ile ya Julai ilikuwa Jumanne, saa sita mchana. Mteja alikuja kupimwa gauni la kipaimara cha binti yake, akaacha geti wazi. Paskazia alikuwa na tepu shingoni na pini mdomoni. Alipogeuka, ngazi ilikuwa tupu.

Alishuka mlima kiatu kimoja kikiwa kimekatika mkanda. Aliuliza kwa mafundi seremala, aliuliza kwa wauza matunda, alivuka barabara bila kutazama. Mtu mmoja alisema amemwona bibi mrefu akielekea ziwani. Paskazia alikimbia. Alipita kati ya vichanja vya dagaa, watu wakamnyooshea kidole kabla hajauliza, na pale mbele, ndani ya maji yanayofika magotini, alimwona Akelo. Alikuwa amevua gauni, amebaki na gagulo, na alikuwa anafua. Alichokuwa anakifua ni gauni lake mwenyewe, analikung'uta na kulizamisha, amegeuzia mgongo nchi kavu, na kila alipolizamisha alisogea mbele hatua moja. Vijana wa mitumbwi walikuwa wanacheka, si kwa ubaya. Hawakujua.

Paskazia aliingia na nguo zake. Alimfikia, akamshika bega, akamgeuza. Hakumbuki alisema nini, ila watu wa ufukweni walisikia, kwa sababu vicheko vilikatika. Na mkono wake ukanyanyuka, ukampiga Akelo kofi kwenye mkono ulioshika nguo, kisha tena.

Akelo aliliachia gauni. Alijikunja, akaweka viganja vyake mbele ya uso, vidole vimetanuka, namna mtoto anavyofanya.

"Kik igoya, mama," akasema. "Kik igoya."

Tangu Novemba Paskazia alikuwa amehitaji mtu wa kumtafsiria. Safari hii hakuhitaji. Kik alilijua, lilikuwa katika yale matano ya siku ya kwanza. Mama alilijua tangu azaliwe. Lililobaki katikati lilielezwa na vile viganja. Usinipige, mama. Akelo mwenye miaka themanini na moja alikuwa anamwomba mama yake asimpige kwa sababu ya kuchezea maji.

Walitoka ziwani wameshikana. Mwanamke mmoja wa kwenye vichanja alimfunika Akelo kanga bila kusema neno. Gauni lilikuwa limekwisha kwenda na maji.

Owiti alikuja kesho yake. Alimkuta mama yake amelala na mkewe amekaa kwenye cherehani bila kushona. Paskazia alimweleza yote, na lile kofi hakulificha.

Owiti alisikiliza akitazama sakafu. "Nitampigia Rose," alisema mwishowe. Rose alikuwa dada yake, ameolewa Tarime. Akampigia pale pale, akaweka simu mezani ili wote wasikie, akamwomba amchukue mama. Rose alilia. Alisema yeye mwenyewe ana presha, mume wake hatakubali, nyumba yao iko barabarani kabisa, na mama atagongwa na gari siku ya kwanza. Kila alichosema kilikuwa kweli.

"Basi mimi nimpeleke Geita," Owiti akasema baada ya kukata simu.

"Kwenye chumba mnacholala watu wanne kwa zamu?"

Owiti aliigeuza simu kifudifudi mezani.

"Au uache kazi."

"Nikiacha kazi tutaishije, Mama Sharon?"

"Sijasema uache. Nataja tu tulichonacho."

Owiti aliinuka, akaenda kukaa kitandani kwa mama yake, na safari hii hakutoka haraka. Paskazia alimsikia akimsemesha Kijaluo kwa muda mrefu, maneno ya kawaida, ng'ombe, mvua, majina ya watu wa kwao. Hakusikia jibu. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Nilikuwa naogopa siku hii, ndiyo maana siji." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Paskazia aliona kwamba kusema kwenyewe hakukubadilisha kitu. Jumapili alasiri Owiti alivuka daraja kurudi kazini, kwa sababu Jumatatu zamu yake ilikuwa alfajiri.

Kwa Padri Venant, Paskazia hakwenda kwenye kiti cha kitubio. Alimwomba wakutane nje, kwenye benchi la ukumbi, mchana kweupe.

"Shikamoo ya padri naisahau leo," alisema. "Baba, nimempiga mama yangu mkwe."

Padri aliuliza ilikuwaje, akaelezwa.

"Januari uliniambia azimio likivunjika linaanzwa upya," Paskazia akasema. "Nimeanza mpaka nimepoteza hesabu. Nimesali, nimefunga, nimejifunza lugha ya watu. Sasa niambie, nilikosea wapi? Kama kuna sehemu nilikosea, nitashukuru, maana nitajua pa kurekebisha."

"Sioni ulipokosea," Padri akasema. Kisha, kama mtu anayesema kitu kisichokuwa katika kazi yake, akaongeza, "Mama yangu yuko Karagwe na ugonjwa huohuo. Dada yangu ndiye anayemtunza. Mimi nakwenda mara mbili kwa mwaka, namwekea mikono kichwani, namwombea, narudi. Dada yangu aliwahi kuniambia anatamani ampige. Nikamhubiria. Sasa nikikusikiliza wewe naona haya."

"Kwa hiyo huna la kuniambia."

"Nina maondoleo. Hayo ninayo. La zaidi ya hapo, mama, sina."

Akamwondolea dhambi pale pale kwenye benchi, akiwa amelegeza kola yake kwa joto. Paskazia alipokea. Alirudi nyumbani akiwa amesamehewa, na mbele yake kulikuwa na jioni ileile, uji uleule, fundo lilelile la geti.

Alipandisha sauti tena mwezi wa nane, mara mbili. Hakumpiga tena. Aliogopa mikono yake, akazoea kuifunga nyuma ya kiuno kila Akelo alipofanya jambo, kama askari gwarideni. Sharon alikuja likizo, akaona, akamfundisha mama yake namna ya kumgeuza mgonjwa, namna ya kumlisha asipaliwe, akafua kila kitu kilichofulika, kisha chuo kikafunguliwa.

Mwezi wa kumi Akelo aliacha kuinuka. Kwanza miguu ilikataa, kisha akaacha kuomba kwenda dala, kisha akaacha kuongea kabisa. Alilala akitazama dari, mrefu bado chini ya shuka, uso umetulia. Geti likabaki wazi mchana kutwa. Kazi ziliongezeka, kumgeuza, kumsafisha, kumlisha kwa kijiko, lakini ndani ya nyumba kulikuwa kimya, na Paskazia alishona sketi na mashati bila mtu kugusa kipande. Wiki zikapita hajapandisha sauti, maana hakukuwa na wa kumpandishia. Kwenye jumuiya Justa alimshika mkono akasema, "Unaona, Mama Sharon? Umelishika azimio. Mungu amekusaidia." Paskazia alishika kiti kilichokuwa mbele yake, akaitikia wimbo pamoja na wenzake. Mzee Masalu alikuwa amekaa kando ya ukuta. Mdogo wake alikuwa amefariki Machi, kabla hajamwendea, na tangu hapo Justa hakumuuliza tena.

Jumapili ya kwanza ya Novemba Owiti alikuwepo. Alasiri walikaa wote chumbani kwa Akelo, yeye upande wa kichwani, Paskazia na bakuli la uji upande wa pili. Akelo alikuwa amemeza vijiko viwili, cha tatu kikatoka pembeni ya mdomo. Paskazia alimfuta kwa kitambaa.

"Tumwombee nini?" Owiti akauliza. Hakuwa mtu wa kusali kwa sauti, na alilisema kama anayeuliza saa.

Paskazia alifikiri. Kuomba apone ilikuwa uongo. Kuomba apumzike, ulimi haukumkubali, maana hakujua kama anamwombea Akelo mapumziko au anajiombea mwenyewe. Kujiombea uvumilivu alishaomba mwaka mzima.

"Sijui, Baba Sharon."

"Na mimi sijui."

Owiti alichukua mkono wa mama yake, ule uliopigwa ziwani, akauweka kwenye kiganja chake. Paskazia alijaribu kijiko kingine. Akelo alifumbua mdomo, akameza, akafumba macho. Uji ulikuwa umepoa, ukaanza kuganda juu. Paskazia aliinuka akaenda kuupasha moto.